Taa za gari la rimoti zisifungwe moja kwa moja kwenye betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nirekebishe maelekezo yaliyotolewa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa vijana kuhusu namna ya kuweka taa za LED kwenye gari la rimoti. Nia ya makala ile ilikuwa njema, na picha ya kigari kinachowaka taa mbele na nyuma ilivutia kiasi kwamba sina shaka wapo vijana ambao wamekwisha kufungua tochi mbovu za nyumbani kutafuta taa. Kwa sababu hiyohiyo kosa lililomo halifai kuachwa lipite. Mwandishi alieleza kwamba taa zikishatolewa kwenye tochi ziunganishwe zote pamoja, miguu mirefu upande mmoja na mifupi upande mwingine, kisha waya mbili zipelekwe moja kwa moja kwenye betri ya gari. Rizista, yaani kile kijipande kinachopunguza mkondo wa umeme, haikutajwa mahali popote, wala hakuna neno lililosemwa kuhusu volti za betri. Kijana atakayefuata maelekezo hayo kwenye gari lenye betri ya lithiamu ya seli 2 ataunguza taa zake papo hapo, na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba waya nyembamba ya tochi iliyofungwa kwenye betri ya aina hiyo bila kinga yoyote inaweza kuwasha moto.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Tanga, na magari ya rimoti ni starehe yangu baada ya kazi. Vigari ambavyo vijana huniletea kwa kawaida ni vile vya bei nafuu kutoka China, hasa vya kampuni za WPL na MN, ambavyo vimepata wapenzi kwa kuwa vinafanana na magari tunayoyaona barabarani kila siku: WPL wana kirikuu, yaani Suzuki Carry iliyopunguzwa mara 10, na MN wana Land Cruiser ya pikapu iliyopunguzwa mara 12. Mwenye kirikuu cha namna hiyo hutaka kiwake taa kama kirikuu halisi, na sioni ubaya wowote katika hilo. Hakuna pambo linalobadilisha sura ya kigari haraka kuliko taa mbili nyeupe za mbele zikiwashwa uani jua likishatua. Ninachokitetea hapa ni kazi hiyo ifanywe sawasawa, maana kuifanya sawasawa hakuhitaji fedha zaidi ya bei ya rizista chache, ambazo ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa katika duka la vipuri vya redio.

Chanzo cha kosa ni kuichukulia LED kana kwamba ni balbu ya zamani. Balbu yenye uzi wa waya ndani, ikiwa imeandikwa volti 6, ukiipa volti 6 inachukua mkondo wake na kutulia, kwa kuwa uzi ule ukipata moto ukinzani wake huongezeka na kuuzuia mkondo usipande. LED ni diodi, yaani kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, nayo haina breki hiyo. Chini ya kiwango fulani cha volti haiwaki kabisa. Ikifika kiwango chake huanza kuwaka. Na ikipita hapo kidogo tu, hata kwa sehemu chache za kumi za volti moja, mkondo hupanda kwa kasi mno. Isitoshe, diodi ikipata joto kiwango chake cha volti hushuka, maana yake ni kwamba mkondo ulioipasha joto unaifungulia njia mkondo mwingine mkubwa zaidi, hadi kile kipande kidogo cha ndani kinaungua na taa inabaki na doa jeusi katikati. Taa za namna hiyo, zenye doa jeusi, ninazo nyingi katika kopo mezani pangu, na karibu zote zilifungwa bila rizista.

Kiwango hicho cha volti hutegemea rangi, na jambo hili makala yenu ililiruka kabisa ingawa picha ilionyesha taa nyeupe, nyekundu na za njano katika kigari kimoja. LED nyekundu hutumia volti 2 hivi, ya njano inakaribiana nayo, lakini ya bluu na nyeupe huhitaji volti 3 hadi 3.4. Sababu yake ni kwamba mwanga wa bluu una nguvu zaidi kuliko mwekundu, na nguvu hiyo ni lazima itoke kwenye volti. Ndiyo maana LED nyekundu ilitangulia kwa miaka mingi: Nick Holonyak aliionyesha mwaka 1962 akiwa General Electric nchini Marekani, wakati ile ya bluu yenye mwanga wa kutosha ilisubiri hadi miaka ya 1990, na wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani walioifanikisha, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Taa nyeupe tunayoifunga mbele ya kigari ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa manjano unaogeuza sehemu ya mwanga wake. Ukiitazama ikiwa imezimwa utaliona lile doa la manjano ndani. Kwa hiyo anayeunganisha taa nyekundu na nyeupe sambamba bila rizista, kama makala ilivyoelekeza, hata akitumia betri dhaifu isiyoziunguza papo hapo, ataona nyekundu inawaka na nyeupe imekataa, kwa kuwa nyekundu inachukua mkondo wote na kuzishusha volti chini ya zile ambazo nyeupe inazihitaji. Hapo atadhani taa nyeupe ni mbovu, ataiongezea betri, na nyekundu itaungua.

Hesabu ya rizista ni ile ya kanuni ya Ohm inayofundishwa sekondari. Unachukua volti za chanzo, unatoa volti za taa, kinachobaki unakigawanya kwa mkondo unaoutaka. LED ya kawaida yenye kipenyo cha milimita 3 au 5 hubeba hadi miliampia 20, yaani ampia 0.02. Tuseme chanzo kinatoa volti 6 na taa ni nyeupe ya volti 3.2: zinabaki volti 2.8, ukizigawanya kwa 0.02 unapata omu 140, na rizista iliyo karibu sokoni ni ya omu 150. Kwa taa nyekundu ya volti 2, zinabaki volti 4, jibu ni omu 200, na rizista iliyo karibu ni ya omu 220. Mimi binafsi sipendi kuzipeleka taa hadi ukomo wake. Huweka omu 220 kwa nyeupe na omu 330 kwa nyekundu na za njano, mkondo unakuwa miliampia 12 au 13 hivi, tofauti ya mwanga kwa macho ni ndogo, na taa inadumu. Rizista ya robo wati inatosha kabisa, kwa sababu katika mfano huu inabeba chini ya nusu ya sehemu moja ya kumi ya wati. Kijana asiye na mita anaweza kuzitambua kwa mistari yake: ya omu 150 ni kahawia, kijani, kahawia, ya 220 ni nyekundu, nyekundu, kahawia, ya 330 ni chungwa, chungwa, kahawia, na mstari wa mwisho, ambao mara nyingi ni wa dhahabu, unaonyesha kiasi ambacho thamani yake inaweza kupotoka.

Naelewa ni kwa nini mwandishi wenu alifikiri rizista haihitajiki, na huenda wasomaji wengine wakaniandikia kwamba wao wamewahi kuwasha LED bila rizista na haikuungua. Ni kweli inawezekana. Ukiibana LED nyeupe kwenye betri ile bapa ya kidonge ya volti 3 itawaka vizuri tu, kwa sababu betri hiyo ni dhaifu na ukinzani wake wa ndani unafanya kazi ya rizista. Baadhi ya tochi ndogo za betri 3 za vidole hufanya hivyohivyo: mtengenezaji ameiacha rizista na kutegemea udhaifu wa betri na wa springi zake. Aliyefungua tochi kama hiyo akaona waya tupu, atahitimisha kwamba ndivyo LED zinavyofungwa. Lakini betri ya lithiamu ya gari la rimoti imetengenezwa kusukuma mota, si tochi. Betri ya miliampia-saa 2000 iliyoandikwa 25C, yaani yenye uwezo wa kutoa mkondo wa mara 25 ya namba hiyo, inaweza kutoa ampia 50, yaani mara 2500 ya mkondo ambao LED moja inauhitaji, na volti zake hazitashuka kwa ajili ya kuihurumia taa. Ikiwa imechajiwa kikamilifu, betri ya seli 2 haina volti 7.4 zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Ina volti 8.4. Hata zile betri za nikeli za seli 6 zilizoandikwa volti 7.2 hutoka kwenye chaja zikiwa zimeipita namba hiyo.

Jambo la pili lililokosewa ni mahali pa kuchukulia umeme, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndipo penye hatari. Katika gari la rimoti lenye vifaa vinavyobadilishika, betri haiendi moja kwa moja kwenye risiva, yaani kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti. Inapita kwenye kidhibiti mwendo, ambacho pamoja na kuiongoza mota kina sehemu inayopunguza volti za betri hadi 5 au 6 na kuzituliza hapo, kisha kuzipeleka kwenye risiva na sevo ya usukani, yaani ile mota ndogo inayogeuza magurudumu. Risiva nyingi zina chaneli zaidi ya zile 2 zinazotumika kwa mota na usukani, na katika soketi ya chaneli iliyo wazi pana pini 3: hasi, ambayo waya wake kwa kawaida ni mweusi au kahawia, chanya katikati yenye waya mwekundu, na ya tatu ni ya ishara. Hapo ndipo pa kuchukulia umeme wa taa. Volti zake hazibadiliki betri inapopungua, kwa hiyo hesabu ya rizista uliyoifanya mara moja inabaki kuwa sahihi na taa haififii katikati ya mchezo. La muhimu zaidi, swichi ya gari inapozimwa, taa nazo zinazimika.

Taa zilizofungwa kwenye betri moja kwa moja hazina habari na swichi hiyo. Kigari chenye taa 2 nyeupe mbele, 2 nyekundu nyuma na 4 za njano kwa ajili ya indiketa, zote zikiwaka kwa miliampia 20, kinakula miliampia 160. Betri ya miliampia-saa 2000 itamalizika katika muda wa saa 12 na nusu. Maana yake ni kwamba mtoto akikisahau kigari chini ya kitanda saa 1 jioni, asubuhi betri imekauka. Seli ya lithiamu ikishuka chini ya volti 3 huanza kuharibika ndani, na ikiachwa ishuke sana kisha ikachajiwa inaweza kuvimba au kushika moto. Vidhibiti mwendo vingi hulinda betri kwa kukata mota volti zinapokaribia kiwango hicho, lakini ulinzi huo ni wa mota peke yake. Hauzioni wala hauwezi kuzizima taa zilizofungwa nje yake. Na hata taa zikiwa kwenye risiva, mchezo ukiisha ni vizuri betri ichomolewe.

Wapo pia wanaochukua umeme kwenye ile plagi ndogo nyeupe ya kusawazishia seli wakati wa kuchaji, kwa kuwa hapo wanaweza kupata volti za seli moja tu, 4.2 badala ya 8.4. Njia hiyo inaonekana ya kijanja lakini ina madhara ya kimyakimya. Seli moja inawalisha mota na taa, nyenzake inailisha mota tu, na kidogo kidogo zinaachana. Inafika siku moja ina volti 2.8 na nyingine 3.6, kidhibiti kinajumlisha, kinapata 6.4, kinadhani kila moja ina 3.2, na kinaiacha mota iendelee kuinyonya seli ambayo tayari iko hoi.

Ikiwa kuna sababu ya lazima ya kuchukua umeme kwenye betri yenyewe, kwa mfano gari la zamani ambalo risiva yake haina nafasi, basi pawe na swichi ya taa peke yake na fyuzi ya ampia 1 karibu kabisa na betri, kabla waya haujafika mahali popote unapoweza kusuguliwa. Bila fyuzi, ganda la waya likikatwa na gia au na ukingo wa bodi na chanya ikagusa hasi, waya wa tochi utageuka kuwa mwekundu kabla mtu hajafikia plagi. Kumbuka kwamba bodi ya vigari vingi ni ya plastiki, na betri iko chini yake.

Umeme wa risiva nao una kikomo chake. Sehemu ile ya kidhibiti mwendo katika magari ya bei nafuu mara nyingi hutoa ampia 1 hadi 3, na sevo ya usukani ikikwama kwenye jiwe inaweza kudai zaidi ya ampia 1 peke yake. Taa 8 ndogo hazileti shida. Lakini kijana akiongeza taa kubwa za wati kadhaa juu ya kipaa kama za magari ya safari, volti za risiva zitaporomoka pale usukani unapofanya kazi nzito, risiva itazima na kuwaka tena, na gari litakuwa halina dereva kwa sekunde hizo. Dalili yake ni taa kufifia kila unapokata kona. Ukiiona, punguza taa au ongeza ukubwa wa rizista, usilaumu rimoti.

Niseme pia kuhusu mikanda ya LED, kwa sababu najua ndiko vijana watakakokimbilia wakikosa tochi. Ile mikanda inayouzwa kwa ajili ya kupamba bodaboda na bajaji imetengenezwa kwa volti 12. Ndani yake LED zimepangwa tatu tatu kwa mfululizo pamoja na rizista yake, na ndiyo maana inakatwa kwenye alama baada ya kila taa 3. Taa 3 nyeupe kwa mfululizo zinahitaji karibu volti 9.6 kabla hata ya rizista, kwa hiyo kwenye risiva ya volti 6 mkanda mweupe hautawaka, na kwenye betri ya seli 2 iliyojaa utatoa mwanga hafifu tu. Mkanda mwekundu, ambao taa zake 3 zinahitaji volti 6 hivi, utawaka kwenye betri hiyohiyo, ingawa si kwa mwanga wake wote. Wengi hurudi dukani kugombana na muuzaji wakidai mkanda mweupe ni mbovu na mwekundu ni mzima. Mkanda si mbovu. Ni wa pikipiki. Kadhalika, vipande vya LED vinavyong'olewa kwenye balbu za nyumbani mara nyingi vina diodi kadhaa ndani ya kipande kimoja na huhitaji volti 6, 9, 18 au zaidi, na havifai kwa kazi hii.

Kuhusu kuwasha na kuzima taa kwa rimoti, makala ilidokeza kwamba inatosha kuunganisha taa kwenye chaneli ya tatu. Hilo nalo si sahihi. Pini ya ishara haitoi umeme wa kuwasha na kuzima. Inatoa mapigo mafupi ya milisekunde 1 hadi 2, yanayorudiwa mara 50 hivi kwa sekunde, na sevo husoma urefu wa pigo hilo ili ijue igeukie wapi. LED ikifungwa hapo itamulika kwa unyonge wakati wote, iwe umebonyeza au hujabonyeza. Panahitajika kijisakiti kidogo kinachosoma mapigo hayo na kufunga au kufungua njia ya umeme, nacho kinauzwa tayari. Vipo hata vinavyosoma ishara ya mota na kuwasha taa za breki na za rivasi zenyewe. Kampuni ya Tamiya ya Japani, ambayo gari lake la kwanza la rimoti, Porsche 934, lilitoka mwaka 1976, huuza kwa malori yake makubwa kifaa kinachoendesha taa na sauti ya injini kwa pamoja. Kwa anayeanza, hata hivyo, taa zinazowaka gari linapowashwa zinatosha.

Sehemu ya kazi ya mikono naipitia haraka, kwa kuwa hapo mwandishi wenu alieleza vizuri namna ya kutoboa bodi na kubandika taa kwa gundi ya moto. Nitaongeza machache tu. Bodi nyembamba ya plastiki inayopitisha mwanga kama kioo hupakwa rangi kwa ndani, na mwanga wa LED hupenya rangi hiyo, hivyo mgongo wa taa upakwe rangi nyeusi, la sivyo boneti nzima itawaka. Pawe na plagi ndogo kati ya bodi na chasisi ili bodi ivuliwe bila kukata waya, na waya uachwe na ulegevu kidogo lakini ufungwe mbali na matairi na shafti. Kila rizista ilehemiwe kwenye mguu wa taa yake yenyewe, taa moja na rizista moja, kwa sababu taa zinazoshirikiana rizista moja hazigawani mkondo kwa usawa: ile yenye kiwango cha chini kidogo huchukua zaidi, huungua kwanza, na mzigo wake unahamia kwa zilizobaki. Kila mguu ufunikwe kwa mrija wa plastiki unaosinyaa ukipashwa joto. Chuma cha kulehemia kisikae kwenye mguu wa LED zaidi ya sekunde 3. Asidi ile wanayotumia mafundi bati isitumike kabisa, kwa kuwa itaendelea kula waya hata miezi baada ya kazi kwisha; tumia lehemu yenye utomvu ndani yake, na kwa kuwa lehemu nyingi tunazouziwa zina madini ya risasi, mtoto aoshe mikono kabla ya kula.

Kupima taa kabla ya kuifunga ni jambo jepesi. Ukiwa na mita, iweke kwenye alama ya diodi: LED nyekundu itawaka kidogo ikiguswa sawasawa, mguu mrefu kwenye chanya. LED nyeupe inaweza isiwake kwa mita za bei nafuu, kwa kuwa volti zinazotolewa na mita hizo hazifiki 3, kwa hiyo usiitupe kabla hujaijaribu kwa betri bapa ya kidonge. Taa iliyotolewa kwenye tochi huwa imekwisha kukatwa miguu, na hapo urefu hausaidii. Tazama ukingo wake wa plastiki, upande uliosawazishwa ndio hasi.

Kwa vigari vya kuchezea vya watoto wadogo, vile vinavyotumia betri 4 za vidole na ambavyo sakiti yake yote ni kipande kimoja, hesabu ni ileile ya volti 6, na hatari ya moto ni ndogo zaidi. Humo ndimo ningemshauri mzazi amwanzishe mtoto.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwamba masahihisho haya yachapishwe katika ukurasa uleule wa vijana na si hapa kwenye barua peke yake, kwa kuwa aliyesoma makala ile ana umri wa miaka 12 au 13 na huenda safu hii haisomi. Ikiwa mwandishi wenu ataendelea na mfululizo huu, kama alivyoahidi, kwa kueleza namna ya kuweka king'ora na taa za kumetameta, niko tayari kuipitia rasimu yake bila malipo kabla haijaenda mtamboni. Nimeambatisha na barua hii mchoro nilioupiga kwa mkono unaoonyesha risiva, taa 4 na rizista zake 4, pamoja na rangi za mistari. Naomba uchapishwe kwa ukubwa unaosomeka, maana katika mchoro uliotangulia alama za chanya na hasi zilikuwa zimefifia na hazikutambulika.

Wako,
Fundi redio, Tanga